Thamani ya Mlinzi

Msomaji wangu, nakuuliza swali moja kabla hujasoma mbele. Katika mchezo wa mwisho wa kandanda ulioutazama shuleni kwenu, ni nani aliyetia bao? Najua jina lake limekujia upesi, hata kabla sijamaliza kuuliza. Sasa nakuuliza swali la pili. Katika mchezo ule ule, ni nani aliyezuia bao ambalo lingaliingia? Hapa umenyamaza. Yamkini wamkumbuka mlinda mlango, kwa kuwa yeye aliruka na kuanguka mbele ya macho ya watu wote. Lakini beki aliyemwahi mshambuliaji hatua mbili kabla hajapiga, akamsogeza pembeni bila kumgusa, hata mpira ukatoka nje ya mstari na watazamaji wakaendelea kutafuna miwa yao, huyo humkumbuki. Mimi nami sikumkumbuka, na nilikuwa mwalimu wake. Insha hii naiandika kwa sababu ya kosa hilo.

Nilizaliwa na kukulia katika vilima vya Nyamira, nchi ya chai na migomba, ambako kiwanja kilicho sawa ni jambo la bahati. Kiwanja cha shule yetu ya msingi kilikuwa kimeinama upande mmoja kama paa la nyumba. Timu iliyocheza kuelekea chini ilikwenda kama maji ya mvua, na timu iliyocheza kuelekea juu ilihema. Mpira uliotoka upande wa chini uliteremka ndani ya mashamba ya chai, na kuutafuta kulikuwa kazi ya watoto wanne. Mimi nilikuwa mrefu wa kimo, mzito wa mwendo, na mwalimu wetu wa michezo hakuwa na shaka juu ya mahali pangu. Alinisimamisha nyuma, karibu na lango, akaniambia, "Wewe ni mlango wetu. Mlango hauendi kutembea."

Baba yangu alikuwa mpenzi mkubwa wa Shabana, timu ya mji wa Kisii. Jioni alipenda kutusimulia habari za Uwanja wa Gusii katika zama za Henry Motego, jinsi mshambuliaji yule alivyochukua mpira na jinsi umati ulivyosimama. Timu ile iliposhuka kutoka ligi kuu mwaka 2006, ikakaa nje miaka 17 hata iliporudi mwaka 2023, wazee wa rika la baba yangu walijifariji kwa kuhesabu mabao ya zamani. Mabao hayo waliyajua kama wajuavyo majina ya watoto wao. Lakini katika masimulizi yote hayo sikumbuki kusikia hata siku moja habari za bao lililozuiwa.

Siku moja nilirudi nyumbani nimechafuka matope mpaka masikioni, nimechoka, lakini nimejaa furaha, kwani tulikuwa tumeishinda shule ya jirani bao moja kwa sifuri. Baba alikuwa ameketi mlangoni. Akaniuliza, "Umefunga mangapi?" Nikamjibu, "Sikufunga, Tata. Mimi ni beki." Akanitazama kitambo kidogo, kisha akasema bila ubaya wowote, "Basi ulikwenda kufanya nini?" Sikuwa na jibu. Nilikwenda kunawa, na kule kwenye maji nikafikiri kwamba huenda ni kweli, sikufanya kitu.

Sasa acha nikueleze kazi hiyo ambayo mtoto wa miaka kumi na miwili hakuweza kumweleza baba yake. Watu wengi hudhani kwamba kazi ya beki ni kuupiga mpira mbali kwa nguvu, na kwamba yeyote mwenye mguu mnene aweza kuifanya. Sivyo. Beki mwema hufanya kazi yake kubwa kabla mpira haujafika. Huangalia mahali pa hatari na kwenda kusimama hapo mapema, hata mpinzani akitazama mbele aone njia imezibwa, akaupeleka mpira kwingine. Kitendo hicho hakina kelele wala vumbi. Mtazamaji huona tu kwamba mpinzani amekosa la kufanya, akamcheka mpinzani.

Mshambuliaji anapomjia na mpira, beki mwema hamrukii. Husimama kiupande, mguu mmoja mbele na mwingine nyuma, akirudi polepole, macho yake kwenye mpira wala si kwenye mabega ya mpinzani, maana mabega husema uongo. Nia yake ya kwanza si kunyang'anya. Nia yake ni kuchelewesha. Kila nukta anayoichelewesha ni nukta ambayo wenzake wanarudi. Pili, humwelekeza mpinzani pembeni, kwa sababu mstari wa pembeni ni beki wa pili asiyechoka, na kadiri mshambuliaji anavyosogea pembeni ndivyo lango linavyokuwa jembamba machoni pake. Tatu, husema. Huwaambia wenzake nani yuko nyuma yao, nani ameachwa peke yake, nani arudi. Kujitupa chini ili kuukata mpira ni dawa ya mwisho, na mara nyingi beki anayejitupa chini kila wakati ni yule aliyechelewa kusimama mahali pake.

Hapa ndipo ilipo ajabu ya kazi hii. Kadiri beki anavyoifanya vizuri, ndivyo kunavyobaki kitu kidogo cha kutazama. Mshambuliaji akikosea mara tisa na kufaulu mara moja, hubebwa mabegani. Beki akifaulu mara tisa na kukosea mara moja, huulizwa alikuwa wapi.

Haya yote niliyajua kwa miguu yangu mwenyewe, na bado sikuyajua. Nilimaliza shule, nikaenda chuo cha ualimu, nikafundishwa namna ya kupima kazi ya mwanafunzi. Tuliambiwa, na ni kweli, kwamba mwalimu asitegemee kumbukumbu yake tu, aandike. Nilipopewa kazi katika shule ya sekondari moja ya upande wetu, na mkuu wa shule akanikabidhi timu ya kandanda, nilinunua daftari gumu lenye jalada jeusi. Nikachora mistari kwa rula. Safu ya kwanza niliandika majina. Ya pili, mabao. Ya tatu, pasi zilizozaa mabao. Ya nne, kuhudhuria mazoezi. Nililionea fahari daftari lile. Nilijiona mwalimu wa kisasa, mwenye haki, asiyependelea mtu.

Katika timu ile alikuwamo kijana wa kidato cha tatu aliyecheza beki wa kati. Jina lake sitalitaja. Hakuwa msemaji nje ya kiwanja, wala hakuwa na mbwembwe ndani yake. Hakupanda mbele kupiga kona, hakujaribu mashuti ya mbali, hakucheza na jukwaa. Mpira ulipomfikia aliupeleka kwa mwenzake aliye karibu, akarudi mahali pake. Nilimwona kila siku, na kwa kuwa nilimwona kila siku, nikaacha kumwona.

Muhula wa pili, msimu wa mashindano ya shule, tulicheza michezo sita tukashinda kanda yetu. Mtu mmoja aliyesoma pale zamani alifurahi, akatuletea jozi ya viatu vya kandanda, vipya, vikali, ili apewe mchezaji bora. Nilifungua daftari langu mbele ya timu nzima. Mshambuliaji wetu alikuwa na mabao matano. Nikampa yeye, na hakuna aliyenung'unika. Mstari wa beki yule ulikuwa mtupu, isipokuwa safu ya kuhudhuria.

Kama ningeishia hapo, kosa langu lingekuwa dogo. Sikuishia hapo. Tulipokuwa tukijiandaa kwa mashindano ya kaunti ndogo, niliingiwa na fikira kwamba timu ilihitaji nguvu zaidi ya kushambulia. Siku hizi, nilijiambia, mabeki wote wakubwa wa dunia hupanda na kufunga. Nilikuwa na kijana mwingine mwenye mbio na shuti, aliyependa kutoka nyuma na mpira mpaka lango la wapinzani. Nikamweka yeye katikati ya ulinzi, na yule mkimya nikamketisha benchi. Baada ya mazoezi alinifuata peke yake, akasema, "Mwalimu, nimekosa nini?" Nikamjibu, "Hukukosa kitu. Lakini pia hukufanya kitu."

Msomaji wangu, tazama maneno hayo. Miaka ishirini ilikuwa imepita tangu baba aliponiuliza swali lile mlangoni, nami nilikuwa nimelibeba bila kujua, nikalitua juu ya kichwa cha mtoto wa mtu mwingine. Baba yangu aliuliza kwa kutojua. Mimi nilisema hali nikijua, na hilo ni baya zaidi.

Mchezo wa kwanza tulishinda 3 kwa 2, na beki mpya alifunga bao moja. Nilijipongeza. Mchezo wa pili tulitoka sare 2 kwa 2, naye akafunga tena. Mchezo wa tatu tulishinda 2 kwa 1, lakini mlinda mlango wetu alitoka uwanjani kama mtu aliyepigana na nyuki. Mchezo wa nne tulifungwa 5 bila jibu, tukarudi nyumbani katika basi lililojaa ukimya. Yule mkimya alikuwa ameacha kuja mazoezini tangu mchezo wa pili.

Usiku ule niliketi na daftari ili nimwandikie mkuu wa shule taarifa. Nilipokuwa nikijumlisha mabao tuliyofunga, mkono wangu ukapita kwenye matokeo yenyewe, nikajumlisha na yale tuliyofungwa, jambo ambalo sikuwahi kulifanya. Katika michezo sita ya kwanza tulikuwa tumefunga mabao 8 na kufungwa 2. Katika michezo minne ya mwisho tulikuwa tumefunga 7 na kufungwa 10. Niliitazama hesabu hiyo muda mrefu. Mlinda mlango alikuwa yule yule. Mabeki wa pembeni walikuwa wale wale. Kilichobadilika kilikuwa kitu kimoja, na kitu hicho ndicho nilichokiambia kwamba hakikufanya kitu.

Jumamosi asubuhi nilikwenda kwao. Nyumba yao iko kwenye mteremko mkali, na ili ufike lazima upande kwa kushika nyasi. Nyanya yake alikuwa uani akianika mahindi. Nikamsalimu, "Bwakire buya, Mama," akaniitikia na kunipa kigoda, akasema kijana yuko juu shambani. Nilimkuta na jembe, akitengeneza matuta yanayokinga maji ya mvua, na juu ya kila tuta kulikuwa na mstari wa nyasi za kulisha ng'ombe, mizizi yake imeushika udongo. Nyanya alikuwa amenifuata polepole kwa fimbo yake. Akanionyesha ng'ambo ya bonde, mahali palipokuwa pamebaki mawe na udongo mwekundu. Akasema, "Mwalimu, mvua ya mwezi wa nne ilichukua shamba lile mpaka mtoni. Letu hili hapa. Mjukuu wangu huyatengeneza matuta haya kila mwaka tangu akiwa mdogo. Lakini sijaona mtu apitaye njiani akasema, tazama udongo ambao haukwenda."

Sikuwa na la kuongeza. Nilimwambia kijana, mbele ya nyanya yake, kwamba nilikosea; kwamba nilisoma daftari nikaacha kusoma mchezo. Si desturi yetu walimu kusema hivyo mbele ya wanafunzi, nami nakiri ulimi wangu ulikuwa mzito. Alisimama akiegemea jembe, akatazama chini, kisha akatabasamu. "Hata hivyo, Mwalimu," akasema, "viatu vile visingenitosha. Vilikuwa namba nane. Mimi navaa kumi."

Kisha akafanya jambo ambalo sitalisahau. Nilikuwa na daftari mfukoni. Akaniomba nilifungue mahali pa mchezo wa kwanza, akaanza kunisomea, lakini hakusoma katika karatasi. Alisoma katika kichwa chake. Dakika za mwanzo, mtu mwenye jezi namba saba alitaka kupita kulia, akamzibia. Kabla ya mapumziko, mpira mrefu, akauwahi kwa kichwa. Kipindi cha pili, beki wa kushoto aliteleza, akaenda kuifunika nafasi yake. Mchezo baada ya mchezo, yote sita. Nikachukua kalamu nikaandika, nimeketi juu ya jiwe katika shamba lile. Yalifika mambo ishirini na matatu. Yote ishirini na matatu ni mambo ambayo hayakutokea, na mtu mmoja tu duniani alikuwa ameyaweka kumbukumbuni.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma na kuuliza habari za walinzi mahali pengine, nikitaka kujua kama kosa langu ni la kijijini au ni la dunia. Nimeona ni la dunia. Mfano ulionigusa zaidi niliupata mbali, katika mchezo ambao wengi wetu hatujauona kwa macho: mpira wa magongo unaochezwa juu ya barafu. Barafu tuijuayo Kisii na Nyamira ni ile ya mvua ya mawe, inayotoboa majani ya chai na kupasua migomba. Lakini katika nchi za baridi watu huvaa viatu vyenye vyuma vyembamba chini, wakateleza juu ya barafu kwa mbio za ajabu, wakipiga kwa magongo kisahani kigumu cheusi mpaka kiingie langoni. Kila upande una wachezaji sita uwanjani: mlinda lango, walinzi wawili, na washambuliaji watatu.

Katika ligi kuu ya Marekani na Kanada kuna tuzo iitwayo kwa jina la James Norris, hupewa mlinzi bora wa mwaka. Mwaka 1982 mlinzi Rod Langway alihamia Washington, timu iliyoanza kucheza mwaka 1974 na ambayo katika miaka yake yote ya mwanzo haikuwahi hata kuingia mchujo wa kombe. Msimu wake wa kwanza pale, katika michezo 80, Langway alifunga mabao 3 tu. Naam, matatu. Lakini timu iliingia mchujo kwa mara ya kwanza, naye akapewa tuzo ya mwaka 1983. Msimu uliofuata mlinzi mwingine, Paul Coffey wa Edmonton, alifunga mabao 40, idadi ambayo washambuliaji wengi wangeionea wivu. Langway alifunga 9. Waliopiga kura walifikiri, wakampa Langway tena, mwaka 1984. Watu wale walikuwa na daftari kama langu, lakini walijua kwamba daftari halioni kila kitu.

Hata hivyo upepo ulibadilika. Coffey alipata tuzo hiyo miaka miwili iliyofuata, na alistahili, na katika miaka ya baadaye aghalabu imekwenda kwa walinzi wanaoshambulia sana. Yale yanayohesabika kwa urahisi hupata wasemaji wengi.

Nasi hapa kwetu tunayo mifano, kama tungependa kuitazama. Kenya ilipokuwa miongoni mwa mataifa yenye nguvu katika mpira wa magongo wa nyasi, nahodha wake alikuwa Avtar Singh Sohal, na mahali pake palikuwa nyuma, katika ulinzi. Alicheza Michezo ya Olimpiki mara nne, kutoka Roma mwaka 1960 mpaka Munich mwaka 1972, na aliivalia Kenya jezi mara 167. Mwaka 1964 huko Tokyo Kenya ilishika nafasi ya sita, na katika Kombe la Dunia la kwanza la mchezo huo, lililochezwa Barcelona mwaka 1971, ilishika nafasi ya nne. Katika kandanda, waulize wazee habari za mwaka 1987, Gor Mahia ilipotwaa Kombe la Washindi la Afrika. Watakutajia Peter Dawo na mabao yake, na ni haki yake. Lakini nahodha aliyelipokea kombe lile, Austin Oduor, alikuwa beki. Nayo hesabu ya fainali ilikuwa nyembamba kama uzi: 2 kwa 2 kule Tunis, 1 kwa 1 Nairobi, Gor Mahia ikashinda kwa mabao ya ugenini. Laiti bao moja zaidi lingaliingia lango la Gor Mahia siku ile Nairobi, kombe lingalikwenda Tunisia. Mabao ya Dawo tunayakumbuka kwa sababu bao lile halikuingia.

Najua msomaji mwerevu ataniuliza: je, mchezo haukubadilika? Je, beki wa leo asiyejua ila kuzuia si kama nyundo katika kazi ya sindano? Swali ni zuri, nami sitalikwepa. Ni kweli, mchezo umebadilika. Beki wa leo hutakiwa aanzishe mashambulizi, atoe pasi safi akiwa amebanwa, na wa pembeni apande na kushuka mchana kutwa. Asiyeweza kutuliza mpira huiletea timu yake hatari kwa miguu yake mwenyewe. Namfundisha hivyo kila beki wangu. Lakini kazi mpya iliyoongezwa haikufuta kazi ya kwanza. Mwaka 2006 Italia ilitwaa Kombe la Dunia ikiwa imefungwa mabao mawili tu katika michezo saba. La kwanza Mwitaliano alijifunga mwenyewe, na la pili lilikuwa penalti ya Zidane katika fainali. Nahodha wao Fabio Cannavaro, beki asiye mrefu wala mfungaji, alipewa Mpira wa Dhahabu mwaka ule, zawadi ambayo mabeki waliowahi kuipata ni wachache mno. Kupanda ni kuzuri kwa beki ambaye amekwisha kuhakikisha kwamba nyuma yake kuna mtu. Kijana niliyemweka katikati hakuwa na kosa kwa kupanda; kosa lilikuwa langu, niliyemwondoa mtu aliyekuwa akibaki.

Wazee wetu wa Gusii walilielewa jambo hili kuliko mimi. Zamani, kabla serikali ya Waingereza haijayavunja mwanzoni mwa karne ya ishirini, kulikuwa na makambi ya ng'ombe yaitwayo ebisarate. Vijana waliishi humo, mbali na nyumba za wazazi wao, ili kuilinda mifugo na wavamizi. Asubuhi njema katika egesarate ilikuwa asubuhi ambayo hapakuwa na habari. Ng'ombe walikuwapo, ndama walikuwapo, maziwa yalikamuliwa. Nadhani mzee aliyekunywa maziwa yale alijua vema kwamba kuna mtu hakulala.

Kijana wangu alirudi kikosini, lakini mashindano ya mwaka ule yalikuwa yamekwisha. Mwaka uliofuata alikuwa kidato cha nne. Mtihani ulimkalia mbele, akacheza michezo michache tu, kisha akamaliza na kwenda zake. Katika ukumbi wa shule kuna ubao wenye majina ya wachezaji bora wa kila mwaka. Jina lake halimo. Nisingeweza kumnyang'anya mwenziwe viatu alivyopewa kwa haki ya daftari langu. Yako makosa ambayo mtu huyatubia lakini hawezi kuyarudisha nyuma, na hili ni mojawapo.

Lile daftari jeusi bado ninalo. Limeongezeka safu ya tano, nayo nimeiita "Yasiyotokea". Kuijaza ni kazi ngumu, kwani hunilazimu kuacha kuufuata mpira kwa macho na kuwatazama watu walio mbali nao. Nimekosa kuona mabao mengi mazuri kwa sababu hiyo, wala sijuti.

Nawe, msomaji wangu, nakuomba jaribu jambo moja. Siku ya mchezo ujao shuleni kwenu, chagua beki mmoja. Mtazame yeye peke yake kwa dakika kumi, hata kama umati unapiga kelele upande wa pili. Ona anaposimama, ona anapogeuza kichwa, sikia anayowaambia wenzake. Mchezo ukiisha, kabla hawajaondoka kwenda kunawa, mwendee umwambie ulichokiona.

Usichelewe kama mimi.